Kigelegele cha Thuku

Kwanza mjue kwamba Laban Thuku hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu huko mbele kuna mahali mtataka kumzaba kofi, na mimi mwenyewe niliposikia kisa hiki mara ya kwanza mkono uliniwasha. Alikuwa mtu wa muziki tu, mpole, mwenye kofia asiyoivua hata msibani. Baba yake alishuka kutoka bara zamani kuuza viazi na vitunguu soko la Malindi, na Thuku akazaliwa hapo hapo mjini, akakua na Kiswahili kitamu cha mji. Ila Kigiriama hakukijua. Alijua kusalimu na kuomba maji ya kunywa, basi. Ukimzungumzisha zaidi ya hapo anacheka cheka na kutikisa kichwa, ati ameelewa.

Kazi yake ilikuwa udijei. Sasa, madijei wa pwani hii wote wana nyimbo zile zile, maana nyimbo siku hizi hazifichwi. Kinachomtofautisha mmoja na mwenzake ni sampo. Hivyo ni vile vipande vifupi vya sauti unavyovipachika kwenye vitufe vya programu ya kompyuta, wimbo ukiwa unaendelea unabonyeza, kinalia juu yake: honi ya lori, king'ora, mbuzi, mtu anaita jina lako kwa sauti nene. Thuku alikuwa na vitufe vinane, kila kimoja na rangi yake. Na kitufe cha sita, chekundu, ndicho kilichomjengea jina kuanzia Watamu mpaka Kaloleni.

Kilikuwa kigelegele. Lakini si hivi vigelegele vya kupakua mtandaoni ambavyo ukivisikia unajua huyu mwanamke amelipwa. Hiki kilipanda juu, kikatetemeka, kikasimama huko huko juu mpaka mwili ukasisimka. Thuku akikibonyeza, bibi harusi akiwa anaingia, watu walisimama kabla hawajajua wamesimama. Wenyewe walikiita kigelegele cha Thuku. Madijei wenzake walimwomba, na kwa kuwa si mchoyo, akawagawia. Kumi na mmoja.

Alikipata hivi. Thuku alikuwa na mazoea ya kurekodi kila kazi aliyopeleka vyombo, iwe harusi, matanga, au mkutano wa injili. Kinasa sauti chake kidogo kilikaa kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kutoka asubuhi mpaka vyombo vinafungwa. Zuri hilo. Baya lake ni kwamba faili hakuzipa majina. Zilikaa kwenye kompyuta na namba zake tu, mamia, na mkewe Fridah alimwambia mara nyingi, "Wewe siku moja utapakua ugali kwenye sahani ya mbwa kwa kutoandika." Thuku akacheka cheka.

Siku moja ya mvua, hana kazi, akaanza kupekua faili hizo akitafuta sauti mpya. Hakuzisikiliza, nani ana muda? Alizitazama. Programu inakuonyesha sauti kama vilima, penye kelele kilima kirefu, penye kimya tambarare. Akafungua moja, akaona tambarare ndefu, kisha kilima kimoja kimechomoka peke yake. Akarukia hapo. Nyuma akasikia ngoma, wanawake wanaimba, miguu inakanyaga mchanga. Mbele yake mwanamke anasema maneno mawili matatu ya Kigiriama, halafu ile sauti ikapanda. Halafu ikavunjika, na watu wakaanza kusema kwa pamoja.

Ngoma, nyimbo, mwanamke anapaza sauti. Harusi, akajiambia Thuku.

Akafanya kazi. Akaburuta alama ya mwanzo mpaka maneno yale yakabaki nje, maana maneno huharibu sampo. Akaburuta alama ya mwisho ikakaa kabla sauti haijavunjika. Zikabaki sekunde mbili na nusu. Akapunguza ngoma za nyuma, akaipandisha sauti kidogo, akaizungushia eko, yaani mwangwi, akaipaka nyekundu. Akaibonyeza mara kumi akiwa peke yake chumbani, akatabasamu kila mara. Jamani, mtu akikosea huwa na furaha sana.

Mara moja tu aliwahi kuonywa, na hakujua kwamba ameonywa. Ilikuwa Kaloleni, harusini, bibi kizee mmoja alikuja mpaka kwenye meza yake akamwuliza, "Mwanangu, nani amekufa?" Thuku akadhani bibi amechanganyikiwa na umri. Akamchekea, akamtikisia kichwa, akamwomba mtu amletee bibi soda.

Basi ikafika Jumamosi ya Jilore.

Mwenye harusi alikuwa Mzee Kiponda, mkulima wa mahindi na mihogo, anamwoza bintiye Vivian kwa watu wa Watamu. Thuku alifika saa mbili asubuhi, akamwamkia mzee, akafunga spika zake pande mbili za turubai na kuweka jenereta nyuma ya choo lisisumbue. Mzee Kiponda akaja kumwona akiunganisha nyaya. Alikuwa na jambo.

"Kijana wangu, saa nane bibi harusi anatoka ndani. Atakayemtoa ni shangazi yake, dada yangu Kadzo. Huyo ndiye mama yake hasa, kwa sababu mama mzazi tulimzika mtoto akiwa hajaota meno. Pasipo Kadzo kumshika mkono, Vivian hatoki, na hao wa Watamu watarudi kwao na gari tupu."

"Nimekuelewa, mzee."

"Sasa hapo mlangoni nataka kile kigelegele chako. Vijana wa hapa wanakisifu sana, ingawa mimi bado sijakisikia. Mpigie dada yangu. Mpigie mpaka afurahi." Mzee akashusha sauti. "Alizika kijana wake mwaka juzi. Tangu hapo hajakanyaga sherehe ya mtu. Leo ndiyo ya kwanza, na nimembembeleza mwezi mzima."

"Mzee, hilo niachie mimi," akasema Thuku, na alisema kwa moyo safi kabisa.

Saa nane ikafika, au tuseme saa tisa kasoro, harusi ni harusi. Watu wa Watamu walikuwa wamekaa upande wao na suti zao, jasho linawatoka. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Kadzo mbele, mwanamke mrefu, mkavu, kajifunga leso mpya ya rangi ya machungwa ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nyuma yake Vivian, mkono wake mkononi mwa shangazi. Thuku akaupandisha wimbo, akasubiri mguu wa kwanza ukanyage nje, akabonyeza kitufe cha sita.

Kikapanda kile kigelegele juu ya boma zima.

Kadzo akasimama.

Thuku akadhani ni raha. Akabonyeza tena, na safari hii akaiongeza eko. Wageni wa Watamu wakapiga makofi. Kadzo akauachia mkono wa Vivian polepole, akaziba masikio. Thuku akabonyeza mara ya tatu. Hapo ndipo mahali niliposema mtataka kumzaba kofi.

"Zima!" akapiga kelele mama mmoja karibu na mlango. "We mtu, zima hiyo!"

Thuku akazima kila kitu. Likabaki jenereta tu linanguruma nyuma ya choo. Kadzo alikuwa amekaa kizingitini, miguu nje, midomo inamcheza bila sauti. Kisha akanyanyuka, akampita Vivian asimtazame, akaingia ndani, akatokea mlango wa nyuma na kwenda jikoni, kile kibanda cha makuti wanakopikia. Vivian naye akarudi ndani na shela lake. Kutoka dirishani wote wakamsikia: "Sitoki! Bila shangazi sitoki!"

Mzee Kiponda alivuka uwanja ule na fimbo yake hata haigusi chini.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Mzee, hiyo ni yangu, niliitengeneza mwenyewe..."

"Nimekuuliza umeitoa wapi!"

Thuku hakujua. Ndiyo aibu yake hiyo. Mwaka mzima anakula kwa sauti ile na hajui ilikotoka. Akaibonyeza ile sampo kwa kitufe cha kulia, programu ikamfungulia faili mama ilikokatwa. Namba tu, na tarehe: mwezi wa nane, mwaka juzi. Akavaa hedfoni, akaanzia mwanzo kabisa, mahali ambapo hakuwahi kupasikiliza, na mtu wa kwanza aliyemsikia humo ndani ni yeye mwenyewe.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Kitsao, niletee petroli ya jenereta."

Kitsao. Kitsao alikuwa wa Ganze. Kitsao alikodi vyombo vyake mara moja tu, na haikuwa kwa harusi. Thuku akakumbuka turubai jeusi, na watu wanacheza ngoma za matanga, kifudu, ambazo mtu wa kwao Ganze akizisikia hata usingizini anajua pana maiti. Thuku yeye alisikia ngoma. Akakumbuka kwamba gari lilipoingia kutoka mochari alikuwa nyuma anahangaika na jenereta, na maiki ameiacha wazi kwenye stendi yake, hatua mbili kutoka mahali walipoliteremsha jeneza.

Akavua kofia. Mzee Kiponda alipoona kofia imevuliwa hakuhitaji jibu.

"Ni sauti ya dada yangu," akasema mzee. "Siku tuliyomleta Mangi, mwanawe. Kijana aliporomokewa na kisima walichokuwa wanachimba, walimtoa baada ya siku mbili. Mimi nilikuwepo. Nimeisikia sauti hiyo usiku mwingi tu, sikutegemea kuisikia kwenye spika zako."

"Mzee, mimi..."

"Usiniambie mimi. Si mimi niliyelia."

Thuku alitamani akunje nyaya zake akimbie. Angeweza. Gari lilikuwa hapo hapo. Lakini kupitia dirisha alimwona Vivian amekaa kitandani na rangi za uso zimemchuruzika mpaka shingoni, na wale wa Watamu wameanza kutazama saa. Akachomoa kompyuta yake kwenye nyaya, akaichukua na hedfoni, na, kwa mazoea tu ya mkono, akaichukua na ile maiki isiyo na waya. Akamfuata mzee jikoni.

Kadzo alikuwa amekaa juu ya kigoda, sufuria za pilau zinatokota kando yake. Wapishi walikuwa wametoka wote kwa heshima. Alikuwa halii. Ingekuwa nafuu angekuwa analia.

"Shikamoo, mama," akasema Thuku, na akapiga magoti pale pale kwenye majivu.

Kadzo aliitazama kompyuta mkononi mwake. Kisha akamtazama yeye.

"Ndiwe unayenipiga?"

"Ndimi, mama."

"Umenipiga mara ngapi?"

Thuku akajaribu kuhesabu. Kila Jumamosi, jioni nyingine mara ishirini. Na wale kumi na mmoja, nao je?

"Sijui, mama."

"Nimelia harusi ngapi, na mimi niko nyumbani kwangu natwanga mahindi?"

Thuku akazidi kuinama kwenye majivu. Alimweleza tu kama ilivyokuwa, bila kujitetea: maiki iliyoachwa wazi, faili zisizo na majina, ngoma alizodhani za harusi. Aliposema alikata mwanzo na kukata mwisho, Kadzo akainua mkono.

"Mwanzo una nini?"

"Maneno, mama. Unasema maneno kabla ya kulia. Nilidhani ni kelele tu."

Kadzo akamgeukia kaka yake. "Kiponda, si mliniambia sikusema kitu?"

"Mimi nilikuwa nimeshika jeneza upande wa nyuma," akasema mzee. "Nilisikia ukelele wako, kisha ukaanguka. Kama ulisema, sikusikia."

Hapo ndipo Kadzo akayasema ambayo alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na akamwambia nani? Akamwambia huyu mtu wa kofia aliyepiga magoti kwenye majivu. "Siku ile siikumbuki. Nakumbuka gari, basi, kisha nakumbuka niko kwenye mkeka namwagiwa maji. Mwanangu ametoka shimoni, ametoka kwenye barafu ya hospitali, amefika mlangoni kwangu, na mimi nimemwacha apite sikumsemesha. Mgeni akija kwangu, hata awe anadai, namkaribisha. Mwanangu nilimnyamazia. Miaka miwili hilo ndilo linalonitafuna, si kifo. Kifo kilikuwa cha kisima."

Thuku akafungua kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa. "Yapo mama. Yote yapo. Nilikata kwenye kitufe tu, kule kwenye faili yenyewe sikufuta kitu. Ukitaka nitakusikilizisha. Usipotaka nafuta sasa hivi, mbele yako."

Kadzo akachukua hedfoni mwenyewe, akazivaa juu ya kilemba. Thuku akaburuta alama ya mwanzo nyuma, nyuma kabisa, akalegeza kidole.

Yeye hakusikia kitu. Alichokiona ni uso wa Kadzo. Kwanza ulikaza, zile ngoma. Kisha macho yakafunguka makubwa, midomo ikaanza kuyafuata maneno, kama anayemsaidia mtu kusema. Kisha ilipofika ile sauti yenyewe, ile iliyosimamisha watu harusi nzima nzima, hakuziba masikio. Aliisikiliza mpaka ikavunjika, akasikiliza na watu waliosema baadaye, mpaka mwisho.

"Nirudishie pale mwanzo," akasema.

Thuku akamrudishia. Mara tatu alimrudishia.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "samahani. Umesema nini?"

"Kwani hukusikia?"

"Nilisikia. Sikuelewa lugha."

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Malindi, mama."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Thelathini na minne unakula mahindi yetu, na hujui mtu akimwita mwanawe anasemaje!" Alisema kwa hasira ya kweli, na Thuku akainamisha kichwa. Kisha hasira ikamwishia, akavua hedfoni akaziweka mapajani. "Nimesema, 'Mangi, umefika mwanangu? Karibu. Mfungueni apate hewa.'"

Mzee Kiponda aligeuka akatazama ukuta wa makuti. Mabega yake yakawa yanapanda na kushuka.

"Nilimkaribisha," akasema Kadzo. "Kumbe nilimkaribisha." Na sasa machozi yakaja, mengi, akayaacha yateremke bila kuyafuta, na uso umetulia. Mwanamke huyu alikuwa amebeba mzigo miaka miwili, na mzigo wenyewe haukuwa wake.

Pilau ikaanza kuungua. Ndiyo iliyowaamsha. Kadzo akanyanyuka, akavuta kuni mbili nje ya moto, akarudi kukaa.

"Hiyo ya kilio itoe."

Thuku akaifuta sampo ile mbele ya macho yake. Kitufe cha sita kikapoteza wekundu, kikabaki kijivu kitupu. Kadzo akakigusa kwa kidole.

"Sasa mtoto wangu atatoka kimya?"

"Nina nyingine za mtandaoni, mama, lakini..."

"Za nani hizo? Wanamjua Vivian?" Akapenga kamasi kwa ncha ya leso mpya, bila kuionea huruma. "Wewe unajua kuchukua sauti ya mtu asiyejua. Ya mtu anayejua unaweza?"

Thuku hakuamini masikio yake. Akaitoa ile maiki isiyo na waya mfukoni. Kinasa sauti chake kilikuwa kule kwenye miksa, hakijazimwa tangu asubuhi, kama kawaida yake. Akaiwasha maiki, akampa kwa mikono miwili.

Kadzo akaishika mbali na mdomo. Moshi wa kuni ukamwingia, akakohoa vibaya. "Ngoja nimeze mate," akasema. Akajaribu, sauti ikatoka nusu, ikakwaruza, ikafa. "Ee! Imeota kutu!" Na akacheka, kicheko kidogo cha aibu. Kaka yake akageuka kutoka ukutani kwa mshangao, maana kicheko hicho alikuwa amekwisha kukisahau. "Kiponda, usinitazame. Geuka huko huko."

Mzee akageuka. Kadzo akavuta pumzi, akafumba macho.

Kigelegele kilichotoka hapo hakikuwa kirefu kama kile cha kitufe. Kilikuwa kinene, kina moshi ndani yake, kilipanda, kikayumba kidogo katikati kikapata njia, na mwisho kikaangukia kwenye jina: "Vivian mwanangu!"

Na nje, boma zima likaitika.

Wote watatu wakashtuka. Vigelegele kutoka kila upande, wanawake wa Jilore, wanawake wa Watamu, wapishi waliojificha nyuma ya choo karibu na jenereta. Thuku akaitazama maiki, kisha akatazama kule kwenye turubai, akakumbuka. Muziki aliuzima. Kompyuta aliichomoa. Njia ya maiki kwenye miksa hakuishusha.

"Mama," akasema, "nisamehe. Maiki ilikuwa wazi."

"Wazi vipi?"

"Wamesikia. Wote. Na kukohoa, na... kumeza mate."

Kadzo alimtazama, akaitazama maiki, akamtazama tena. "Wewe na maiki zako!" akasema, na akampiga kibao cha bega ambacho nadhani alistahili, na akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo mlango wa jikoni ukajaa shela. Vivian alikuwa amekuja mbio, viatu mkononi, na akamkumbatia shangazi yake na masizi yote.

Walitoka kwa mlango wa jikoni, si ule uliopambwa. Kadzo mbele, leso ya machungwa ina majivu magotini, Vivian nyuma, mkono mkononi. Thuku hakubonyeza kitu. Alikaa nyuma ya meza yake na kofia mapajani, akasikiliza wanawake wenyewe wakifanya kazi yake, na alilia waziwazi, hakuona haya.

Baada ya harusi akampelekea Kadzo kadi ndogo ya kumbukumbu, akamwekea kwenye kile kisimu chake cha vitufe. Ndani kulikuwa na faili moja tu, ya Ganze, nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Thuku alikuwa ameipa faili jina. Aliandika "Mangi amefika". Kisha akawapigia simu wale madijei kumi na mmoja, mmoja mmoja, akawaeleza kila kitu. Wawili walimcheka. Mmoja akamwambia hawezi kuitoa, watu wanaipenda. Huyo Thuku alimfuata mpaka Mtwapa, akakaa naye siku nzima mpaka akaitoa.

Kitufe cha sita sasa ni chekundu tena. Kina kikohozi ndani yake, na "ngoja nimeze mate", na sauti iliyoota kutu, na kicheko, kisha kigelegele, kisha jina la Vivian, hata bibi harusi akiwa ni Everlyne. Ni kirefu mno, kila mtaalamu wa kazi hiyo atakwambia. Mwezi uliopita meneja wa hoteli moja Watamu alikisikia wakati Thuku anajaribu spika, akamjia mezani na kumwambia kwa upole, "Sauti nzuri sana hiyo, lakini ungekata hapo mwanzo. Kuna mama anakohoa."

Thuku akaivua kofia.

"Hapo hapakatwi," akasema, akakirudisha mwanzo, akabonyeza.